Maturubai Kumi na Mawili ya Rwahira

Ting. Kijiko kikigonga chupa tupu ya soda. Ukimtaja Françoise kwa mtu yeyote wa Kashebere, hiyo ndiyo sauti anayoikumbuka kwanza, kabla ya uso wake, kabla hata ya sauti yake mwenyewe. Kijiko kinagonga mara moja, kinafuata kimya cha pumzi moja, kisha linakuja jina la mtu.

Ni miaka kumi na minne sasa anasoma matangazo ya vifo katika radio ndogo ya Kashebere. Wenyewe wanayaita komunike. Zamani kulikuwa na kanda ya muziki wa huzuni iliyotangulia kila tangazo. Kanda ikakatika, na Françoise akachukua kijiko cha chai na chupa iliyokuwa mezani, asije akaanza hivihivi kama mtu anayeita kuku. Baadaye mkurugenzi, Papa Édouard, alileta muziki mpya kutoka Goma. Wasikilizaji wakaukataa. Mzee mmoja alitembea saa tatu kuja kuuliza kama mama wa chupa amefukuzwa.

Simu hushika mtandao barabarani, kwenye njia ya kwenda Masisi. Ukiingia msituni upande wa Walikale, inabaki kuwa tochi. Kinachofika huko ni radio. Ikiwa jina halijasomwa, ndugu wa mbali hawajui, wasipojua hawaji, na wasipokuja, kilio hakifungwi. Kwa watu wa msituni, moto wa kilio huzimwa na ndugu wa baba wa marehemu, kwa mkono wake. Asipofika, moto unakaa, na wenye kilio wanakaa nao.

Françoise mwenyewe ni mtu wa msituni. Baba yake alikuwa mwindaji, na watu wa rika lake bado wanasimulia jinsi siku moja alivyorudi na paa begani, kijiji kizima kikafurahia nyama, na binti yake wa miaka sita akauliza paa yule alikuwa anaenda wapi. Inasemekana baba alikula kidogo usiku ule.

Tabia ile haikumtoka. Familia ikija kuleta tangazo, huketi kwenye benchi mbele ya meza yake, naye huuliza mambo manne: jina, familia, kilio kiko wapi, anasubiriwa nani. Hayo huyaandika katikati ya ukurasa na kuyasoma hewani. Halafu huuliza la tano, ambalo halisomwi popote: marehemu alikuwa anapenda nini? Jibu hulitia pembeni mwa ukurasa, kwa penseli. Papa Édouard alimwuliza mara moja pembe zile ni za kazi gani. Akajibu kwamba hajui bado.

Kilima cha Rwahira kilianguka mwezi wa nne, siku ya Jumanne, mvua ikiwa imenyesha siku tano. Wachimbaji wa madini ya koltani walikuwa ndani. Upande mzima wa kilima uliteleza na kufunika mashimo, na kilichobaki juu kilikuwa tope jekundu na miti iliyolala. Waliotolewa walizikwa. Wengi hawakutolewa.

Siku mbili baadaye, wenye televisheni pale Kashebere walikusanyika kuona nchi inasema nini juu yao. Waziri mmoja alivaa suti nyeusi na kusema watu kumi na wawili wamekufa, na taifa linalia. Mwanasiasa wa upande wa pili akasema ni mia tatu, na serikali inaficha. Kituo kimoja cha huko Kinshasa kikaonyesha majeneza yaliyopangwa mstari, meupe yote, na nyuma yake minazi. Watu wakatazamana.

"Ile ni wapi?" akauliza mtu.

"Eti ni sisi."

"Sisi tuko na minazi?"

Walicheka. Kesho yake ikajulikana kwamba picha zile zilikuwa za nchi nyingine na za miaka mingi iliyopita. Kituo kikafungwa. Waziri akarudi kwenye skrini, safari hii akiwa na hasira zaidi ya huzuni, akasema waongo wamechezea vifo vya Wakongomani. Na amri ikashuka, kutoka ofisi hadi ofisi, mpaka ikafika kwenye meza ya Papa Édouard ikiwa na mihuri mitatu.

"Mama Françoise," alisema, "kuanzia leo kijiko iko congé, inapumzika."

"Lete nisome."

Alisoma mara mbili. Radio yoyote isitaje hesabu ya wafu wa Rwahira isipokuwa kumi na mbili. Tangazo lolote jipya la kifo cha Rwahira lisisomwe mpaka tume ya serikali ije kuhakikisha. Atakayevunja, radio itafungwa naye atafuatwa na sheria.

"Tume inakuja lini?"

"Haijaandikwa."

"Nani aliandika hii?"

"Wakubwa."

"Wakubwa wako na majina."

"Mama, miye niko na batoto sita."

"Batoto wako nawajua. Niliuliza mwandishi."

Papa Édouard si mtu mbaya. Radio ile aliijenga kwa mbao zake mwenyewe, na ilishawahi kufungwa mara mbili kwa maneno madogo kuliko haya. Alikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, kisha akaitoa tena na kumwachia Françoise, kwa kuwa alijua angeiomba.

Mchana wa siku ileile alikuja mwanamke mmoja, mguu mmoja una kandambili, mwingine umefungwa kitambaa. Aliketi kwenye benchi bila kuambiwa.

"Naitwa Drocella. Nilitoka Nyamitaba jana asubuhi. Ninaleta jina ya mutoto wangu."

Françoise alipaswa kumwambia pale pale kwamba haiwezekani. Badala yake alifungua daftari, akauliza jina.

"Tuyizere."

"Ya baba yake?"

"Jérémie. Muntu wa huku kwenu, wa pori. Alikuja Nyamitaba na asali ya kuuzisha, akabaki. Muti ilimuanguka, mutoto akiwa na miaka munane."

"Kilio iko wapi?"

"Hapa Kashebere, nyuma ya daraja. Si kilio yangu. Wenyeji walinipa nafasi chini ya bâche, ile turubai yao."

"Unasubiri nani?"

"Patient, ndugu ya Jérémie. Wako huko ndani, nyuma ya mito miwili. Sijafikaka. Tuyizere walimuona mara moja tu, akiwa mugongoni kwangu. Alikuja kuchimba huku, akasema akipata nafasi ataenda kuwaona. Walikuwa karibu, Mama. Siku mbili ya mguu." Alikaza kile kitambaa mguuni. "Bila Patient, ule moto nitauzima na nini?"

Françoise akageuza penseli. "Alikuwa anapenda nini?"

Drocella alimtazama kama mtu aliyeguswa bega gizani. "Niulize kile hakupendaka. Fromage. Miye nagandisha maziwa, natengeneza fromage miaka makumi mbili, nyumba yote inanuka fromage, na yeye anaziba pua. Viazi na chumvi. Kila siku viazi na chumvi." Akacheka, sauti ikamtoka kubwa, akaziba mdomo kwa kiganja.

Françoise akaandika pembeni. Kisha akamsomea ile amri, neno kwa neno, kwa sababu aliona ni haki yake kuisikia.

"Basi mutoto wangu hakukufa?"

"Alikufa, Mama Drocella. Lakini hairuhusiwi kusema."

"Hadi lini?"

"Haijaandikwa."

Drocella hakulia. Alisema atarudi kesho kuuliza, na kesho alirudi. Na kesho kutwa.

Pamoja na amri aliletwa Sylvain. Alikuwa afisa wa ofisi ya serikali pale kijijini, ile wanayoiita poste. Mzaliwa wa Masisi mjini, mwenye pikipiki nzuri na mwezi wa pili tu tangu ahamishiwe Kashebere. Kazi yake mpya ilikuwa kukaa studio saa ya komunike na kusikiliza. Alikuja na karanga kwenye karatasi, akawa anazitafuna polepole zisisikike hewani. Françoise alisoma mbuzi waliopotea, mkutano wa wazazi wa shule, bibi mmoja aliyekufa kwa uzee. Kijiko kiligonga kwa bibi yule peke yake.

Siku ya tatu, muziki ulipowekwa, alimgeukia.

"Papa Sylvain, niko na swali. Si ya radio."

"Mama, niliambiwa weye unaulizaka ata mbuzi."

"Ile kumi na mbili. Nani alihesabu?"

Sylvain aliacha kutafuna. Alitazama mlango. "Miye."

"Kwa kilima?"

"Kwa kilima ungehesabu nini? Udongo. Mukubwa wangu alipigiwa simu, wanataka hesabu mbele ya saa kumi. Nikapanda pikipiki, nikazunguka kijiji. Kila kilio iko na bâche. Nikahesabu bâche. Bâche kumi na mbili, batu kumi na mbili."

"Ulishuka kwa pikipiki, ukauliza batu?"

"Mvua ilikuwa inanyesha, Mama."

Françoise alikitazama kijiko chake. Sylvain akamsogezea karanga.

Kwao Sylvain, Masisi mjini, kila familia hujitafutia turubai lake. Kashebere ni tofauti. Maturubai ya vilio ni ya parokia, yana rangi ya buluu, na ni kumi na mawili tu. Hayajawahi kuwa kumi na matatu. Wakati wa mvua kilio hakikai nje bila turubai, kwa hiyo siku ile walioyawahi waliyatandaza, na waliochelewa waliingia chini ya yale ya wengine. Ndugu wawili wakaliliwa pamoja, majirani wanne wakaliliwa pamoja. Kila mtu wa pale alilijua hilo. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuwaza kwamba mtu anaweza kupita kwa pikipiki, akaona turubai moja, akafikiri ni maiti mmoja.

Hakuna aliyedanganya, na jambo hilo lilimshangaza Françoise kuliko uongo wowote. Hesabu ilitoka hapa, kwa mtu aliyeogopa kulowa, ikapanda hadi Goma, ikapanda hadi Kinshasa, ikavaa suti nyeusi, na sasa imerudi na mihuri mitatu kumkataza Drocella.

Siku iliyofuata alikuja Mama Chantal, mtunza vitu wa parokia, na tangazo lake.

"Andika. Bâche zangu zirudi mbele ya Jumamosi. Niko na ndoa. Nimesema kwa mudomo, hawasikie. Sema na radio yako, labda wataogopa."

"Zote kumi na mbili?"

"Unajua ziko ngapi. Nilizipaka namba na rangi nyekundu, moja hadi kumi na mbili, juu batu wa hapa wanarudishaka ya mwingine. Najua nani alibeba gani."

"Na unajua kila moja wanamulilia nani?"

"Namba moja najua. Namba tano. Zingine nitajuaje? Miye niko mutunza bâche, siko mutunza maiti."

"Tuende tuangalie hali yake. Kama zimepasuka."

Mama Chantal alimtazama kwa muda mrefu. Wamejuana tangu shule ya msingi, na huenda tangu siku ya yule paa. "Zimepasuka," alisema. "Hakika zimepasuka. Beba daftari yako."

Walizunguka mchana mzima. Kwenye kila turubai Mama Chantal alikagua pembe na kugombana juu ya matundu, na Françoise aliketi na wenye kilio akauliza majina, kisha akauliza lile swali lake. Pembe za kurasa zikajaa. Mmoja alipenda kupiga mluzi. Mmoja alipenda maharagwe yaliyolala, yale ya jana. Mmoja alikuwa akipenda shati moja, na alikufa nalo.

Jioni alimwonyesha Papa Édouard ukurasa. Mkurugenzi aliusoma akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Hii ni tangazo ya bâche."

"Njo hivyo."

"Hakuna hesabu."

"Iko kumi na mbili. Iliruhusiwa."

Papa Édouard alifuta miwani yake kwa pindo la shati, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kijiko usigonge," alisema mwishowe. "Bâche haigongewi kijiko."

Kwa neno hilo Papa Édouard alikuwa amekubali. Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu jioni, Sylvain akiwa kwenye kiti chake, Françoise alisoma mbuzi mmoja aliyepotea, kisha akafungua ukurasa.

"Parokia inajulisha wote walioazima bâche zake kwamba zinahitajika mbele ya Jumamosi. Bâche namba moja, iliyo kwa familia ya Ngabo. Chini yake wanaliliwa Ngabo na mudogo wake Viateur. Ina tundu moja pembeni. Bâche namba mbili, karibu na kisima. Chini yake wanaliliwa..."

Aliendelea kwa sauti yake ya kila siku, bila kukaza na bila kulegeza. Kwenye turubai la nne Sylvain aliacha kutafuna. Kwenye la sita aliweka karanga mezani na vidole vyake vikaanza kukunjwa kimoja kimoja juu ya goti. Vilipokwisha vyote kumi, akaanza upya, kisha akavikunjua akaviacha. Swichi ilikuwa karibu na mkono wake. Papa Édouard alikuwa anatazama dari.

"Bâche namba tisa, nyuma ya daraja. Chini yake wanaliliwa Prince, na Tuyizere, mutoto wa Jérémie aliyekuwa akiuza asali, na mama yake Drocella ndiye yuko hapo anasubiri Patient, ndugu ya Jérémie. Kamba moja imekatika."

Mkono wa Sylvain haukwenda kwenye swichi. Françoise alimaliza la kumi na mbili, akaishukuru mikono itakayoyakunja maturubai yakiwa makavu, akafunga daftari.

"Mama," Sylvain alisema, muziki ukiwa umeanza, "ile siku ungeniambia."

"Ile siku ungeniuliza."

Asubuhi waliitwa wote poste. Mkubwa wa Sylvain, aliyepigiwa simu na mkubwa wake, alitaka kujua ni nani aliyevunja amri. Françoise aliomba aonyeshwe sentensi aliyoivunja. Akaulizwa kama anajifanya wakili. Akasema hapana, yeye anataka tu kujua. Akatoa nakala ya amri, akaikunjua juu ya meza, na kuuliza kama kuna mahali imekataza matangazo ya vitu vya kuazima.

"Alitangaza hesabu gani?" mkubwa alimgeukia Sylvain.

Sylvain alisimama wima. Kama angesema mengine, ingebidi aeleze kumi na mbili ilitoka wapi. "Bâche kumi na mbili, mukubwa."

"Kumi na mbili?"

"Kumi na mbili kamili."

Françoise alikaa pale hadi saa kumi na moja jioni, kwenye benchi, bila maji. Mama Chantal alikuja mara tatu kumuulizia, na mara ya tatu alisema kwa sauti kwamba bâche ni ya Kanisa na yeye yuko tayari kumwita padri aje na maturubai yote kumi na mawili ayatandaze mbele ya poste. Walimwachia. Daftari halikurudi. Mkubwa alikuwa amelisoma hadi kwenye maharagwe yaliyolala, akauliza hiyo ni lugha ya siri ya nani, na jibu halikumridhisha.

Françoise alirudi nyumbani mikono mitupu. Anasema njia nzima alikuwa anazirudia pembe zile kichwani, ukurasa kwa ukurasa, kuona zipi zimebaki.

Siku ya Ijumaa, kabla ya jua kuwa kali, wanaume watatu walisimama mlangoni mwa radio, suruali zimelowa hadi magotini. Aliyetangulia alikuwa na nywele nyeupe na kikapu kilichofunikwa majani. Harufu ya asali iliingia kabla yake. Alisema wanamtafuta mama wa chupa.

"Njo miye."

"Siye ni batu ya Jérémie. Miye ni Patient. Tulisikia jina katikati ya bâche. Tulifikiri tumekosea, mwenzangu akasema hapana, alisema pia asali." Akatazama pande zote za chumba, kana kwamba kijana angeweza kuwa pale. "Kilio iko wapi?"

Françoise alitoka nje kuwaonyesha: barabara, daraja, turubai la buluu lenye namba tisa kwa rangi nyekundu. Wenzake Patient wawili wakaanza kwenda. Yeye hakuondoka.

"Mama. Ule mutoto nilimuona siku moja, akiwa mugongoni. Leo nitazima moto yake, na sijue nitasema nini juu yake mbele ya mama yake. Alikuwa muntu gani?"

Daftari lilikuwa poste, ndani ya droo ya mtu. Françoise akamsogelea yule mzee, ili asiyasikie mwingine yeyote.

"Fromage," alisema, polepole kabisa, "hakupendaka."